Kokwa Inayobaki

Alhamisi, 9 Oktoba

Namtaja Mola kwanza, ndipo nikukaribishe, daftari. Ulikuwa mali ya binti yangu Ilham kabla hajaolewa huko Tanja. Kurasa zako kumi na moja za mwanzo zimejaa kuzidisha na kugawanya kwake, na alama za wino mwekundu za mwalimu. Zilizobaki ni tupu, zina vimraba vidogo vya samawati, na mimi sipendi kitu kizima kitupwe. Nitaandika humu mpaka zeituni ziishe kuvunwa. Mimi ni Batoul, mke wa Allal wa kinu cha zeituni. Kazi yangu kudarizi. Nimesoma mpaka darasa la tano. Mengine utayajua.

Tangu Aprili hatujaona tone la mvua. Zeituni zimekunjamana mtini kama vidole vya mtu aliyekaa hamamu kupita kiasi. Kwa hiyo Lalla Tamou, jirani yetu mzee, ametuita nyumbani kwake kusoma Latifu, dua ya jina la Mola, kama anavyofanya kila mbingu zikifunga. Yeye ndiye mwenye mifuko. Ni mifuko miwili ya kokwa za tende, aliyoachiwa na mama yake, kokwa elfu kumi na sita mia sita arobaini na moja. Tunatandika shuka jeupe, tunazimwaga katikati, tunakaa duara. Wote kwa pamoja tunasema "Ya Latif", na kila mmoja anavuta kokwa moja mapajani kwake. Tena, na tena. Hakuna anayehesabu, kokwa ndizo zinazotuhesabia. Shuka likibaki tupu, tumemaliza.

Leo tulikuwa kumi na sita. Mwisho wa yote ilibaki kokwa moja katikati ya shuka. Lalla Tamou akaichukua, midomo ikamcheza kidogo, akaitia mfukoni kabla ya zetu. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, ndiyo maana niliona. Nimeliandika hilo kwa sababu daftari lazima lianze na kitu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Upepo wa mashariki. Nimedarizi foronya mbili. Hakuna wingu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Tulikuwa ishirini, mpaka wengine wakakaa nje ya mlango. Ikabaki moja tena. Lalla Tamou akafanya vilevile. Hadda, mke wa muuza duka, mwenye ulimi usiolala, alininong'oneza, "Shoga, magoti yangu yanaomba mvua kuliko mimi."

Jumatatu, 20 Oktoba

Kisima cha kwa jirani kimetoa tope. Allal anasema kinu mwaka huu kitasaga kokwa na maganda. Nimemwambia asiseme hivyo. Akasema, "Sijasema mimi, imesema miti."

Alhamisi, 23 Oktoba

Natamani leo ningekuwa na homa.

Tulikuwa kumi na watatu, mafua yamewalaza wengine. Tulisoma vizuri, sauti zikashikana, na mwisho shuka likabaki na kokwa moja pale katikati. Mimi nikacheka kama mtu aliyekutana na rafiki sokoni.

"Hee! Tena moja!"

Hadda akageuka. "Tena vipi?"

"Alhamisi ile tulikuwa kumi na sita, ikabaki moja. Iliyofuata tulikuwa ishirini, ikabaki moja. Leo kumi na watatu, moja. Nimeandika daftarini."

"Umeandika? We Batoul, unatuandika kama karani wa serikali?"

Wakacheka wote, na Lalla Tamou akacheka. Ningenyamaza hapo. Lakini mimi nikipata uzi sharti niuvute mpaka mwisho. Nikasema, "Ngojeni kwanza. Watu wakibadilika, si na kinachobaki kinabadilika? Mbona hiki hakibadiliki? Labda mfukoni imezidi kokwa moja."

Ni mimi niliyesema. Si Hadda, si mwingine. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Hadda akasema, "Lalla, si baridi iliyopita panya walitoboa mfuko, ukaziokota sakafuni?"

"Niliziokota."

"Na siku zile ulikuwa unakula tende?"

"Ilikuwa Ramadhani, Hadda. Nani alikuwa hali tende?"

Mwanamke mmoja nyuma yetu akasema polepole, "Basi mwaka mzima tumesoma hesabu isiyo sawa. Ndiyo maana mvua..." Akaishia hapo.

"Maliza, mwanangu," Lalla Tamou akasema. "Ndiyo maana mvua nini?"

Lalla Tamou ana miaka sabini na moja, na miguu inamsumbua, lakini alisimama bila kushika ukuta. Akaokota ile kokwa, akaifumba mkononi.

"Mifuko hii nimeipokea nikiwa na miaka ishirini na sita. Sikuihesabu, kwa sababu mama yangu hakuwa mtu wa kuhesabiwa."

Akaingia chumbani kwake. Sisi tukazoa kokwa, tukajifungulia mlango wenyewe.

Ijumaa, 24 Oktoba

Baada ya sala ya Ijumaa nilikuwa napakua kuskusi, mlango ukagongwa. Lalla Tamou, na punda wa duka, na ile mifuko miwili.

"Hesabu wewe, mwenye daftari."

"Lalla wangu, ingia kwanza. Kuskusi ya moto hii."

"Nimeshiba."

Miaka ishirini na miwili tumekuwa majirani, hajawahi kushiba mlangoni kwangu. Alimfundisha Ilham Alhamdu. Nilipojifungua yule aliyekufa, ni yeye aliyemwosha.

Allal akauliza, "Umefanya nini?"

"Nimesema."

"Aa," akasema, akaendelea kula. Ananijua.

Jumapili, 26 Oktoba

Nilikwenda kwake na sahani ya mkate wa mafuta. Akasema kutoka ndani kwamba amelala. Mtu aliyelala hasemi amelala.

Hadda kanipa habari sokoni, tena bila kicheko. Bahija, binti yake Lalla Tamou, anakuja kumchukua akaishi naye Meknes. Atakuja na gari Jumamosi ya tarehe 6 Desemba, kazi ya zeituni ikipungua. Miaka yote Bahija anamwomba, na mama anajibu neno moja: "Na mifuko nimwachie nani?" Sasa hana mifuko. Mifuko iko jikoni kwangu, karibu na pipa la unga, inanitazama.

Alhamisi, 30 Oktoba

Tumesomea kwangu, kumi na wawili, bila yeye. Mzunguko wa mwisho zikawa zimebaki nane: wanane wakavuta, wanne wakakaa wanatazamana mikono mitupu.

Hadda akasema, "Haya! Lalla Tamou hayupo, na sasa zimezidi nane. Nani anayetutilia sasa, jini?"

Walicheka. Mimi sikucheka. Kama iliyozidi ni moja, hizi nane zimetoka wapi?

Jumatatu, 3 Novemba

Nimezihesabu zote. Nimepata 16,638. Nikarudia, nikapata 16,644. Mara ya tatu nilikuwa kwenye elfu saba na kitu, Allal akaniuliza soksi zake ziko wapi.

Kuhesabu makubwa si kazi ya mdomo. Mdomo unachoka, halafu unaruka.

Alhamisi, 6 Novemba

Kumi na wanne. Wamebaki nane tena! Yaani zimebaki kokwa nane. Hata kalamu imechanganyikiwa.

Sasa nalala na hesabu hii na kuamka nayo. Inafanya makusudi. Kumi na sita, ishirini, kumi na watatu: moja. Kumi na wawili, kumi na wanne: nane. Kitu kisicho na mpango hakifanyi hivi. Ni kama nyuma ya kitambaa cha darizi: unaona mafundo yanajirudia, unajua upande wa pili kuna ua, ila hujageuza.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilimngoja imamu wetu, Si Thami, yaani Bwana Thami, atoke na watoto wa madrasa. Nikamuuliza, "Si Thami, ile hesabu ya Latifu imetoka wapi?"

"Hujui? Na unaisoma?"

"Naisoma tangu nikiwa na meno ya maziwa. Hakuna aliyeniambia."

Akachukua ubao wa mtoto, akaandika jina la Mola, herufi mojamoja. "Kila herufi ina hesabu yake. Lam thelathini. Ta tisa. Ya kumi. Fa themanini. Jumlisha."

"Mia moja ishirini na tisa."

"Sasa izidishe kwa yenyewe."

Nikafungua daftari pale pale kizingitini, nikazidisha chini ya hesabu za Ilham. 129 mara 129. Mara mbili nikakosea kubeba. Mara ya tatu ikatoka 16,641, nikasikia mwili unasisimka. Miaka yote hii naitamka namba hii na sikujua kama ina mzazi.

Nikamweleza na lile nililolifanya. Akafuta ubao kwa mkono wa joho. "Mola hachungulii mifuko, Batoul. Ila yule mama uliyemtia aibu anachungulia dirishani kila Alhamisi kuona nani anapita kwenda kwako."

Nimelia njiani. Lakini nilipofika nyumbani nilikuwa nimekwisha kufikiri kama mdarizi. Nyuzi 129 kwenda kulia, nyuzi 129 kwenda chini: huo ni mraba. Sina haja ya kuhesabu elfu kumi na sita. Nahesabu mpaka 129 tu, tena na tena. Mraba ukijaa sawa pembe nne, mfuko ni mzima. Ikizidi moja, itakosa pa kukaa.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeanza juu ya paa. Safu ya kwanza nimeihesabu mara nne. Zilizofuata nazipanga kwa kuzilinganisha na ya kwanza. Safu 14.

Jumanne, 11 Novemba

Safu 17 zaidi. Kuku wa jirani ameruka ukuta, akapita katikati. Sasa safu 26.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimewaambia wanawake leo hakuna kusoma, kokwa ziko kazini. Hadda alipanda kuona. Akasimama mikono kiunoni. "Shoga, haya sasa ni maradhi." Kisha akavua kanda mbili akanisaidia safu tano. Vidole vyake vyepesi kuliko ulimi.

Jumapili, 16 Novemba

Safu 98. Mgongo.

Jumanne, 18 Novemba

Safu 115. Mawingu upande wa bahari, kama kila wiki. Yatapita.

Jumatano, 19 Novemba

Hayakupita.

Nilikuwa kwenye safu ya 121. Tone la kwanza lilianguka kwenye mkono wangu, nikadhani ni jasho. La pili likaipiga kokwa, ikazunguka. Kisha mbingu zote zikafunguka. Mtaa mzima ulipiga vigelegele, watu wakatoka uani na masufuria, Si Thami akaadhini na wakati haujafika, na mimi, ambaye nimeomba mvua hii tangu Aprili, nilikuwa nimepiga magoti juu ya paa nikipiga kelele, "Ngoja! Safu nane tu! Ngoja kidogo!"

Mola anisamehe. Nadhani mimi ni mtu wa kwanza hapa Zerhoun kumwomba asubirishe mvua.

Kokwa zilianza kusombwa kuelekea bomba la maji. Nikajilaza mbele ya tundu na kanzu yangu yote. Allal akasikia, akapanda, akaniona nimelala kifudifudi kwenye dimbwi, hakuuliza. Alishuka akachukua chekeche ya kinuni, akaikinga chini, bomba linapomwagia mtaani. Alinasa kokwa tatu. Akaja nazo juu, amelowa mpaka kofia, kaziweka kiganjani kama lulu.

"Hizi zako?"

Nikacheka mpaka nikalia.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua ya siku nzima, ya upole. Kokwa zinakauka kwenye ungo kando ya jiko. Sijui kama zingine hazikupita kabla Allal hajafika. Hilo linaniuma kifuani. Ikipungua hata moja, nitamwambia nini Lalla Tamou? Kwamba nilimshutumu kuzidisha, kisha mimi nikapoteza?

Jumamosi, 22 Novemba

Kila mtu zeituni. Fimbo, vitambaa chini ya miti, mikono myeusi.

Jumapili, 23 Novemba

Nimeanza tena, chumba cha wageni. Nimekunja zulia. Allal: "Na mgeni akija nimkalishe wapi, juu ya kokwa?" Nimemwambia wageni wote wako kwenye zeituni. Asubuhi navuna, alasiri napanga.

Jumatano, 26 Novemba

Safu 61. Nimempita Lalla Tamou njiani. Nimesalimu. Ameitikia salamu, kwa sababu kuitikia ni wajibu, akapita.

Jumapili, 30 Novemba

Nimefika safu ya mwisho.

Niliipanga polepole. Mia. Mia na kumi. Mia na ishirini. Kwenye ungo ziliendelea kupungua, sikutaka kuangalia. Mia ishirini na saba. Mia ishirini na nane. Nikatia mkono kwenye ungo, nikagusa ungo.

Imepungua moja. Pembe ya chini, mkono wa kulia, pengo la kokwa moja.

Nimetafuta chini ya jiko, kwenye mikunjo ya kanzu, ndani ya chekeche. Nimekung'uta mifuko, nimeigeuza nje ndani. Nikakaa sakafuni, nikatazama lile pengo. Mimi, fundi wa darizi, sivumilii kuona pengo kwenye pembe. Tukikosa uzi wa kumaliza safu, tunaificha: tunaiondoa yote, tunaihamishia pembeni. Basi mikono yangu ikafanya yenyewe. Nikaitoa ile safu ya mwisho yenye kokwa 128, nikaisimamisha ubavuni, kila kokwa mwishoni mwa safu moja. Na safu zilikuwa zimebaki 128.

Ikaenea. Hakuna pengo, hakuna iliyozidi. Safu 128, kila moja kokwa 130, imenyooka kama meza.

Nilikodoa macho. Nikajiuliza, hii wangeigawana kumi na sita? Safu 128 kwa kumi na sita, nane nane. Sawa kabisa. Kumi na watatu? Ukizitazama kwa upande, mistari 130 kwa kumi na watatu, kumi kumi. Sawa. Ishirini? Ikate mafungu manne huku na matano huku: vipande ishirini, kila kimoja 32 kwa 26. Sawa! Hii inagawanyika kwao wote bila kubakisha kitu. Basi mraba ukitimia, ukiwa na ile kokwa ya pembeni, lazima ibaki moja. Haikuzidi. Ilibaki kwa sababu mfuko ulikuwa mzima!

Ila imekwenda wapi?

Ndipo nikachukua daftari, nikarudi nyuma kurasa, nikasoma mwandiko wangu mwenyewe wa tarehe 23 Oktoba: "Akaokota ile kokwa, akaifumba mkononi. Akaingia chumbani kwake."

Haikuliwa na mvua. Iko kwake.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimechora kwenye vimraba vyako siku nzima. Ukiondoa safu tatu chini na kuzihamishia pembeni, unapata 126 kwa 132, na pembeni kinabaki kimraba cha tatu kwa tatu: tisa. Na 132 inagawanyika kwa kumi na wawili, na 126 kwa kumi na wanne. Kwa hiyo wale ilipasa wabakize tisa. Zilibaki nane, kwa sababu moja ilikuwa mkononi mwa Lalla Tamou. Nane na moja, tisa. Kila kitu kimekaa mahali pake.

Nimeunguza mkate.

Jumanne, 2 Desemba

Nilibisha. Akafungua. Nyuma yake niliona masanduku mawili yamefungwa kamba.

"Lalla, ile kokwa iko wapi?"

Hakuuliza ipi. Akafungua fundo la pembe ya kitambaa chake cha kichwa, akanionyesha.

"Nilisema kama kweli imezidi moja, basi niitoe mimi, niende nayo Meknes, msome hesabu iliyo sawa. Si ndiyo mliyoitaka?"

Nilikaa kizingitini, nikamweleza yote, safu na pembe, na mvua, na chekeche ya Allal. Alinisikiliza akiigeuza kokwa vidoleni.

"Mimi hayo ya safu siyajui," akasema. "Ninachojua, mama alikuwa kila mara akiniambia: itakapobaki moja, isome wewe. Hiyo ni ya mwenye mfuko. Miaka arobaini na mitano nimeisoma. Niliipenda kuliko zingine. Peke yangu na Yeye, mara moja."

"Nisamehe, Lalla."

"Umenisema mbele ya duara zima, binti yangu. Unaniombea msamaha mlangoni, tukiwa wawili na paka?"

Akafunga fundo. Akafunga mlango, lakini polepole.

Alhamisi, 4 Desemba

Nilipita nyumba kwa nyumba tangu jana kuwaita Latifu ya shukrani ya mvua. Zeituni zimewachukua wengi. Walikuja saba, na mimi wa nane. Nikawapeleka chumba cha wageni, zulia bado limekunjwa, mraba umerudi kama ulivyokuwa, pembe moja tupu.

"Kabla hatujasoma," nikasema, "nina neno. Mimi ndiye niliyesema mfuko wa Lalla Tamou umezidi. Nilisema bila kujua. Tazameni." Nikaihamisha ile safu mbele yao. Nikawaonyesha kumi na sita wetu, ishirini wetu, kumi na watatu wetu. Hadda alinifuata kwa kidole, midomo ikihesabu, mpaka mwisho. Kisha akajipiga paji la uso.

"Kumbe mama wa watu alikuwa sawa, na sisi tulikuwa tunamsengenya, tunamla nyama!"

"Mimi nilikula zaidi," nikasema. "Nataka mnishuhudie kwamba nimesema hivi."

"Tumesikia," sauti ikasema kutoka mlangoni.

Lalla Tamou. Sijui alisimama pale tangu lini. Alivua viatu, akaingia, akautazama ule mstatili wa kokwa uliojaza sakafu.

"Yote hii ilikuwa ndani ya mifuko yangu?"

"Yote, Lalla."

"Mama hakuniambia kama ni nzuri hivi."

Akafungua fundo la kitambaa, akaitupa kokwa yake katikati. Hadda akasema, "Haya, ukichungulia sana hatutasoma!" Tukazikusanya kwenye shuka, zikawa lundo moja. Tukakaa duara. Alikaa ubavuni mwangu, goti lake likagusa langu, hakulitoa.

Tulisoma. Wachache, kwa hiyo ilichukua zaidi ya saa nzima. Nje mtu alikuwa anapita na punda wa zeituni. Lundo likashuka, likawa la sahani, likawa la kiganja. Mimi tayari nilikuwa nimefanya hesabu yangu kichwani na sikumwambia mtu. "Ya Latif," tukasema, mikono tisa ikaenda katikati, mikono tisa ikarudi.

Shuka tupu. Jeupe kabisa.

Mkono wa Lalla Tamou ulikuwa umetoka tena, kama kawaida yake, kuchukua ile ya mwisho. Ukabaki hewani. Akainua shuka. Akatazama chini ya goti langu.

"Iko wapi yangu?"

"Hakuna, Lalla. Tuko tisa. Tisa wanaigawana yote sawasawa, kila mmoja elfu moja mia nane arobaini na tisa. Haibaki hata moja."

Alinitazama, na nikaona uso wake unavyopambana kati ya hasira na kicheko. "Miaka arobaini na mitano! Siku niliyorudi ndiyo mnaninyang'anya?"

Hadda alicheka mpaka akaegemea ukuta. Sote tukacheka, na Lalla Tamou akajifuta macho kwa ile pembe ya kitambaa iliyokuwa na fundo. Kisha akaanza kuzoa kokwa zake mwenyewe, akazitia mfukoni, akaufunga mfuko kwa mkono wake.

"Alhamisi ijayo aje mmoja zaidi," akasema. "Mimi siendi nyumbani mikono mitupu mara mbili."

Nikasema, "Na Jumamosi, Lalla? Bahija?"

"Bahija ana miguu. Akae mpaka Alhamisi, awe wa kumi."

Nimemsindikiza na mifuko mpaka kwake. Kabla ya kutoka kwangu amekula kuskusi iliyobaki, amesema chumvi imepungua.

Jumamosi, 6 Desemba

Bahija amefika na gari. Ameona masanduku yamefunguliwa. Amekaa na mama yake uani, sikuenda kusikiliza. Allal ameleta mafuta ya kwanza ya mwaka, ya kijani, yanawasha koo.

Alhamisi, 11 Desemba

Kumi. Kila mmoja elfu moja mia sita sitini na nne. Ikabaki moja. Wote tulitazama pembeni. Lalla Tamou akaichukua, midomo ikamcheza kidogo. Bahija amerudi Meknes alasiri hii, peke yake.